Alhamisi ya dobi: kanzu, mashati ya shule na madoa ya wino

Saa 11 alfajiri. Alhamisi ndiyo siku yangu nzito kuliko zote. Kesho Ijumaa, na kila mwenye kanzu hapa Ngamiani, Tanga, anaitaka leo kabla ya magharibi. Watu hudhani dobi akiamka anachota maji na kuwasha mkaa wa pasi. Mimi naanza na kupekua mifuko. Nageuza kila mfuko nje, napitisha kidole kwenye pembe zake. Mwaka juzi niliacha kufanya hivyo asubuhi moja tu, peni ikapasukia ndani ya karai, mashati sita ya shule yakaingia madoa. Manne niliyaokoa, mawili nikayalipa. Leo nimetoa peni tatu na sarafu kadhaa. Peni zote naziweka kwenye kopo dirishani, mwenyewe akija anachagua yake.

Saa 1 na nusu. Mama mmoja kaleta shati jeupe la mwanawe wa darasa la sita. Doa liko chini ya mfuko, pana kama sarafu ya shilingi mia.

“Kaka, nimelifua kwa maji ya moto, nikalipiga pasi. Ndiyo kwanza limekolea.”

Nilitamani angekuja jana. Wino wa peni haukuchanganywa na maji. Ni rangi iliyoyeyushwa kwenye kimiminika kizito chenye hali ya mafuta, kwa hiyo maji hayaugusi, na moto wa pasi unaushikisha kwenye uzi. Kinachouyeyusha ni spiriti, ile isiyo na rangi ya duka la dawa.

Kwanza najaribu tone moja kwenye pindo la ndani. Kisha shati nalilaza kifudifudi, doa likiangalia chini juu ya kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne. Spiriti naiweka na pamba kwa upande wa nyuma, nikianzia ukingoni mwa doa kwenda katikati, ili lisipanuke. Sisugui, nabonyeza tu. Ukiinua shati unaona wino umeshuka: duara la zambarau kwenye kitambaa cha chini. Nasogeza mahali pakavu, nabonyeza tena. Shati hili nimelibonyeza mara kumi na moja, na mara ya mwisho kitambaa cha chini kikapata alama hafifu mno. Ndipo sabuni, ndipo maji baridi. Jikoni sifanyi kazi hii hata siku moja, spiriti hushika moto upesi.

Saa 4. Kanzu ya darizi, shingo yote imenakshiwa kwa hariri, na peni imevuja kifuani. Mpwa wangu anayejifunza kazi akanyoosha mkono kwenye chupa ya jiki.

“Mjomba, si nyeupe hii?”

Nikamshika mkono. Jiki ni hipokloriti ya sodiamu, dawa kali ya kuondoa rangi. Pamba nyeupe inaivumilia, hariri na sufi inazila. Ile darizi ingegeuka njano na nyuzi zikaanza kukatika. Tena wino wa peni hauiogopi sana jiki. Tukaifanya kwa spiriti kama lile shati, na shingo tukaifunika taulo.

Nikamweleza na jingine, maana hili linaumiza watu. Zamani wino wa kalamu za kuchovya ulikuwa na chuma ndani yake, na bado nguo za makabati ya zamani huja na madoa hayo. Jiki huondoa ubluu, kisha inabaki kahawia ya kutu. Kutu hiyo dawa yake ni limau na chumvi, ukaanika juani. Lakini jiki ioshwe yote kwanza, isibaki hata harufu. Jiki ikikutana na limau au siki hutoa gesi ya klorini, nayo inachoma mapafu. Chupa hizo mbili kwangu hazikai rafu moja.

Wino wa jeli ni shauri jingine: mara nyingi rangi yake ni chembe ndogo zisizoyeyuka, nami humwambia mteja mapema kwamba huenda doa lisitoke. Pesa yake silali nayo.

Saa 7. Swala, wali na dagaa, dakika chache za kunyoosha mgongo.

Saa 8. Bibi mmoja kaingia na bahasha.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Nguo unazijua, nitazamie na hii.”

Barua ya marehemu baba yake, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Peni imevuja mkobani, doa limegusa mistari miwili. Niliishika kwa ncha za vidole. Nguo ni nyuzi zilizofumwa, unaweza kuzipitisha kwenye spiriti zikarudi. Karatasi ni nyuzi zilizolaliana tu. Ukilowesha zinavimba, na spiriti ingesambaza doa na pengine kuchukua maandishi ya mzee pamoja nalo. Wino wenyewe ulikuwa bado mbichi pembeni. Nikaweka tishu kavu juu yake, nikabonyeza bila kusogeza, nikabadilisha tishu, mpaka ikaacha kutoka na rangi. Tukaipiga picha kwa simu yangu, nikamtumia mjukuu wake, nikamwomba asimruhusu mtu yeyote kuisugua. Doa limebaki. Maneno yote yanasomeka.

Huja pia vijana na vyeti, wanataka tarehe ifutwe. Hao sijawahi kuwapokea.

Saa 10. Kanzu ya mwalimu wa madrasa, mkono una manjano ya zafarani. Alikuwa akiandika kombe, yaani aya za Kurani zinazoandikwa kwenye sahani kwa ajili ya mgonjwa. Huu ndio wino ninaoupenda, umeandikwa uoshwe: zafarani na maji ya waridi, sahani husuuzwa, mgonjwa akanywa. Maji baridi na sabuni kidogo, ukaondoka mbele ya macho yangu.

Saa 11 jioni. Pasi imepamba moto. Kanzu ya darizi naitoa nje, naitazama kwa jua la pembeni, maana taa ya ndani huficha. Kifuani pamebaki kivuli cha ukubwa wa punje ya mtama. Mwenyewe alipofika nilimwonyesha kabla hajauliza. Akaivaa palepale, akapitisha kiganja kifuani, akachagua peni yake kwenye kopo. Akaiweka mfukoni.

“Mzee,” nikamwambia, “nipe hiyo nikufungie kwenye mfuko wa nailoni.”