Gauni la kipaimara

Gauni lilikuwa lishashonwa, jeupe la mikono mirefu, fundi wa Darajani kashalipwa, viatu vishaazimwa kwa binamu yetu, na kuku wawili wamefungwa miguu uani wanasubiri siku yao. Imebaki wiki moja askofu aje. Ndo usiku ule umeme umekatika, mdogo wangu wa mwisho, ana miaka 17, kaja kunikalia pembeni barazani akaniambia kaka, mie sitaki.

Nkamuuliza hutaki nini, gauni? Maana nlidhani ni yale mambo yao, sijui mkono unabana sijui nini.

"Sitaki kipaimara. Yaani sio kwamba sitaki, sijui. Askofu ataniuliza unaamini, nami ntajibu naamini, na moyoni bado sina uhakika. Si ntakuwa nasema uongo mbele ya madhabahu?"

Sasa mie kazi yangu ni kuongea, natembeza wageni Mji Mkongwe mwaka wa nane huu, watu wananilipa niongee, lakini usiku ule nlikaa kimya mpaka umeme ukarudi.

Asubuhi kamwambia mama. Hapo sitaki kueleza sana, kila mwenye mama anajua. Kwanza kilio, halafu "majirani watasemaje", halafu ikawa ni mie ndo niliyemharibu kwa vitabu na hiyo simu. Kelele zikatoka mpaka nje, bi mkubwa wa nyumba ya pili akaja na kijiko chake cha upawa mkononi, yuko jikoni na maandazi yake ya biashara, kauliza kuna nini. Mama akamweleza huku anafuta machozi kwa upindo wa kanga. Yule bibi ni Muislamu safi, hajakosa Ramadhani tangu tumjue, akasikiliza mpaka mwisho akasema: "Muache mtoto, dini haina kulazimishana, hata kwetu imeandikwa. Akija kwa fimbo atakaa na fimbo, siku ukiiweka chini anaondoka." Akarudi kwa maandazi yake yasiungue.

Mama akakasirika zaidi, ati jirani anafurahia mtoto wa Kikristo asipate kipaimara. Haikuwa hivyo na mama mwenyewe alijua.

Mie neno la yule mtoto likanikaa kichwani. Sisi Waanglikana tunabatizwa wachanga, mie nlibatizwa nina miezi 3, waliojibu maswali ni wasimamizi wangu, mie nlikuwa nalia tu maji ya baridi. Kipaimara ndo siku unayojibu kwa mdomo wako mwenyewe, kwa hiyo kanisa lenyewe ndo limeweka suali pale. Na kama suali lina jibu moja tu linaloruhusiwa, na gauni lishashonwa, na kuku washafungwa miguu, basi lile si suali. Pale pana nini cha kuchagua?

Wiki ileile nkapata kundi la wageni, nkawapeleka Mkunazini kama kawaida. Nawaambia hapa palikuwa soko la watumwa, likafungwa 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na UMCA, misheni ya Waanglikana wa Uingereza, wakajenga kanisa papo hapo, kazi akaisimamia Askofu Steere ambaye mwenyewe kazikwa humo ndani nyuma ya madhabahu. Nawaonesha zile nguzo za chini juu, juu chini, tunavyohadithiwa mafundi waliziweka hivyo askofu yuko safarini, karudi akaziacha (wageni hapo wanacheka kila siku, hainitupi hiyo). Nawaonesha msalaba wa mti wa Chitambo, kule Zambia, ule mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Halafu nawaeleza wale watoto watano. Mwaka 1864, soko bado linafanya kazi, Askofu Tozer ndo kwanza kafika Unguja, Sultani Majid akampa watoto watano wa kiume waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Wakalelewa, wakasomeshwa, wakabatizwa, na mmoja wao, John Swedi, akaja kupewa daraja la kanisa, la ushemasi mdogo, 1870.

Mama mmoja mtu mzima kwenye kundi akaniuliza: na hao watoto, kuna mtu aliwauliza?

Miaka minane natembeza, sijawahi kuulizwa. Na mie si mtu wa nje kwenye hadithi hii, babu yake bibi yangu alikuwa mtoto wa Mbweni, lile shamba la misheni walilowekwa watumwa walioachwa huru, kutoka jahazini moja kwa moja mpaka skuli ya kanisa. Ukristo wetu umeanzia hapo. Sisemi walifanyiwa ubaya, mbadala wake ulikuwa kamba shingoni, na mtoto aliyenyang'anywa kwao ukimpa chakula na kitabu na jina ataupokea na ubatizo. Lakini kuchagua, hapana, pale hapakuwa na kuchagua. Walichagua baadae, wale waliokua wakabaki, na wengine waliondoka zao wakarudi kuishi na watu wengine mjini kwa dini ya mjini. Nkamjibu yule mama sijui, tukatoka kwenda kuona vile vyumba vya chini tunavyohadithiwa walifungiwa watumwa.

Ila kilichoniuma zaidi ni jambo la nyumbani. Shangazi yangu alisilimu 1994, akaolewa Wete. Yeye mwenyewe anasema hakusilimu kwa sababu ya mume, alianza kusoma kabla hawajajuana, lakini nyumbani hakuna aliyesikiliza hiyo sehemu. Bibi hakwenda harusini, na hakuvuka maji kwenda Pemba mpaka amekufa. Mazikoni, 2009, shangazi kaja na buibui lake, akasimama nje chini ya mwarobaini misa nzima, jua linamhama yeye analifuata kivuli, mpaka jeneza likatoka. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwambia ingia pia.

Na ukitizama, sisi mtu akija kwetu tunasema kachagua, kaona nuru, tunampigia na makofi. Akitoka tunasema kapotoshwa, au kafuata mume. Wenzetu upande wa pili nao ni hivyohivyo, nnawajua waliobatizwa hapa Unguja ambao hawapiti mtaa wa kwao mchana. Kila mmoja anataka uhuru wa mlango wa kuingilia tu.

Ukisema uchaguzi hapa kwetu watu wanafikiria kura na foleni na polisi. Lakini neno hilohilo limo kwenye Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 19, uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini. Wa kubadilisha, wameandika kabisa. Ile katiba inaweza kukulinda na serikali, lakini haiwezi kukaa na mama yako jikoni. Na kwenye Yohana 6, wanafunzi wengi washamkimbia Yesu, hakuwafuata na bakora, kawageukia wale kumi na wawili akawauliza, "Je! Ninyi nanyi mwataka kuondoka?" Nimeisikia misa ngapi hiyo na sikuwahi kuifikiria kuwa anauliza kweli. Kwamba wangeweza kusema ndio.

Nlimsomea mama hiyo sura. Akasema Yesu hakuwa na majirani.

Siku ilipofika mdogo wangu alikuja kanisani na nguo ya kawaida, akakaa benchi la nyuma, akaimba nyimbo zote, hakwenda mbele. Padri alishaongea naye, akamwambia darasa lipo na mwakani, na asipotaka mwakani pia lipo. Kuku tulikula. Mama hakuzungumza na mtu siku mbili. Wiki iliyofuata nkamsikia kwenye simu anaongea taratibu, nkajua anaongea na Wete, maana alikuwa anauliza bei ya karafuu na yeye hana hata mkarafuu mmoja.

Gauni limo kabatini. Juzi nimemkuta mama analianika, anasema litaingia ukungu.