Sukari Yangu Ilikuwa Inapanda Alasiri

Siku mbili baada ya dripu ya kwanza ya kemo, kwa ajili ya saratani ya titi, nilishikwa na kiu isiyozimwa na maji. Usiku niliamka kwenda chooni mara sita. Nikadhani ndiyo kemo yenyewe. Wifi yangu, kwa mapenzi yake, akawa ananiletea juisi ya choya eti iongeze damu, imekolezwa sukari. Nilimaliza jagi kwa siku, maana ndicho kitu pekee kilichopita kooni.

Sikuwa na historia ya kisukari. Zahanati ya jirani walinipima sukari ya damu asubuhi kabla sijala: 5.8 (mmol/L). Wakasema niko sawa. Nikarudi nyumbani na kiu yangu.

Aliyenifumbua macho ni muuguzi, nilipokwenda mzunguko wa pili wa kemo. Aliniuliza, "Mama, ulipima saa ngapi?" Kumbe pamoja na dawa za saratani nilikuwa napewa deksamethazoni ya kuzuia kutapika. Hiyo ni steroidi: inalifanya ini limwage sukari, na mwili unakuwa mgumu kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari. Ukiimeza asubuhi, sukari hupanda mchana hadi jioni, kisha hushuka usiku. Kipimo cha alfajiri huenda kisione kitu. Alinitoboa kidole palepale, saa tisa alasiri: 17.2.

Daktari alinipa insulini ya asubuhi kwa siku za steroidi tu, akanisihi nisiikatishe deksamethazoni kwa uamuzi wangu. Alitaka sukari ishuke upesi kwa sababu kemo hupunguza chembe nyeupe za damu, na sukari ikiwa juu maambukizi yanapata mwanya.

Nilinunua mashine. Vijiti vyake ni ghali, hivyo nilipima kabla ya chakula cha mchana na cha usiku, siku za steroidi. Binti yangu aliandika kwenye daftari. Zilizozidi 10 kwa kalamu nyekundu. Juisi niliacha kabisa. Uji wa ulezi nikanywa bila sukari, ugali nikaupunguza, mchicha na dagaa nikaongeza.

Siku moja nilijichoma sindano, kisha nikatapika chakula chote. Mikono ikatetemeka, jasho likanitoka: 3.4. Binti akanikimbizia chai yenye sukari nyingi. Tangu hapo, nikishindwa kula, napiga simu wodini kabla ya kugusa sindano.

Mzunguko wa nne, alasiri ilisoma 9.1. Sasa kwenye benchi la kusubiri, mgonjwa akilalamika kiu, namuuliza alipima saa ngapi.