Ukurasa wa 32

Juzi usiku kitindamimba wangu, yule yule wa maswali, kaja na daftari mi nishaanza kusinzia kwenye kochi, akaniuliza, "Mama, hivi tanzia ni lazima mtu afe?" Nikamwambia akalale. Hakwenda. Akasema eti neno lenyewe linasema, tanzia si ndo ile taarifa ya msiba, sasa inakuwaje tamthilia iitwe taarifa ya msiba halafu watu wote wabaki wazima? Hapo alinikamata, nakiri. Nimelitumia hilo neno miaka yote na sikuwahi kulisikia hivyo.

Nikajikuta nakaa sawa, usingizi umekata, namweleza kwamba Wagiriki wa kale wao walikuwa na jina lingine kabisa, ukilivunja vunja linatoka "wimbo wa mbuzi" (na mbuzi alifuata nini pale msiniulize, wataalamu wenyewe hawajaelewana), na kwao kifo hakikuwa sharti. Euripides, mwandishi wao mmoja wa tamthilia, ana moja ya Iphigenia, dada nusura amtoe kafara kaka yake wa damu kwa kutomjua, wakatambuana dakika za mwisho, wakatoroka wote hai, na bado imewekwa kwenye kapu la tanzia na Aristotle, yule mwanafalsafa wao, aliusifia sana ule utambuzi. Tena hata waliokufa, wengi walifia nje ya jukwaa, anakuja tarishi anahema ndo anasimulia yaliyotokea huko.

"Kwa hiyo niandike sio lazima?"

"Andika sio lazima."

Akalamba kidole akageuza ukurasa. Kurasa mbili zikaja pamoja, zimeshikana, akazitenganisha kwa ukucha taratibu, akasoma swali la nne: Kati ya vipengele vya tamthilia, kipi ni muhimu zaidi? Toa sababu.

Mi macho yalibaki kwenye ule ukucha.

Basi. Ile habari ya igizo la shule nishaigusa gusa humu lakini sijawahi kuisimulia yote, na kuna sababu.

Tamthilia aliandika mwalimu wetu mwenyewe, kaichapa kwa taipu, upande mmoja wa karatasi, kurasa arobaini na kitu. Mfalme mmoja zamani za ujana wake alikuwa mkimbizi, akaoa huko mafichoni, akaacha mke na kichanga, na siku ya kuondoka akaivunja bangili yake vipande viwili, kimoja akampa mke kwa ajili ya mtoto, kingine akakivaa shingoni kwa kamba. Hilo ni onyesho la kwanza kabisa, hadhira inaliona kwa macho. Miaka inapita, keshakuwa mfalme, analetewa kijana mgeni anatuhumiwa uchochezi, na kwa kuwa kasoro yake kubwa ni pupa, anatoa hukumu bila hata kumsikiliza. Mshajua tayari. Na ndo raha yenyewe ya kitu kile, hadhira inajua, mfalme hajui, kila akifungua mdomo kumkaripia yule kijana watu wanajikunja kwenye viti. Mwalimu alikuwa anatuambia hiyo ndo kejeli ya kidrama, tukaiandika kwenye madaftari tukaisahau.

Mwalimu alikuwa na hofu moja tu, melodrama. Alikuwa akilitamka hilo neno kama ugonjwa. Mkipiga mayowe nyie, anasema, hadhira haitapiga, mkilia nyie wao watawatazama tu. Kwake melodrama ni pale mbaya anapokuwa mbaya kuanzia kucha hadi nywele na mwema hana doa, na hisia zinalazimishwa kwa nguvu ya ngoma na vilio. Mfalme wetu alitaka awe mtu mzuri mwenye kosa moja, kwamba uumie kwa sababu unampenda. Ramsa nayo, yaani igizo la kuchekesha, aliiheshimu kuliko watu wanavyodhani, alisema kuchekesha ni kazi ngumu kuliko kuliza kwa sababu mtu hawezi kucheka kwa adabu. Tuliwahi kumuuliza kama hatuwezi kuchanganya mule ndani vichekesho viwili vitatu, akatuambia mchanganyiko nao una jina, tanzia-ramsa, na kwamba Plautus wa Roma alilibuni jina hilo nusu kwa utani kwa sababu igizo lake lilikuwa na miungu na mtumwa humo humo. Ila letu, akasema, hapana.

Mi sikuwa na sehemu ya kuigiza. Sauti yangu ilikuwa ndogo, haikuvuka safu ya pili. Nikapewa kazi ya kukaa nyuma ya pazia la pembeni na nakala nzima, na tochi, mtu akisahau namnong'oneza. Kazi isiyo na maleba, isiyo na makofi. Niliichukulia kwa uzito mno, usiku wa kuamkia onyesho nilikaa na mshumaa nikaipitia tamthilia yote mwanzo mwisho, hadi maelekezo ya jukwaani yale ya kwenye mabano, *anaingia kwa hasira*, *anageuka*, *kimya*, nikawa nayasoma kwa sauti kama mjinga.

Nta ilidondoka. Sikuiona.

Onyesho likaenda vizuri, silielezi, mnajua maonyesho ya shule yalivyo, pazia linakwama, ndevu zinabanduka, mlinzi anaingia mapema anarudi nyuma kinyumenyume. Twende mwisho.

Kijana keshauawa, nje ya jukwaa kama Wagiriki (mwalimu alisisitiza), kaletwa amelazwa juu ya ubao. Mlinzi anapiga goti, anasema, "Tumekikuta hiki shingoni mwake," anamkabidhi mfalme kile kipande cha bangili. Mwisho wa ukurasa wa 31. Ukurasa wa 32 wote ni wa mfalme peke yake, uzungumzi nafsi, mistari thelathini na kitu, ndo anatambua, anahesabu miaka, anamtaja yule mke, anajilaani. Mwalimu alituambia ule ukurasa aliuandika upya mara saba. Tamthilia nzima ilikuwa inapanda mlima kwenda pale.

Mfalme, namwita hivyo mpaka leo na hata kwenye simu nimemsevu hivyo, alisimama na kile kipande mkononi. Akanitupia jicho. Lile jicho lilimaanisha neno la kwanza limemtoka, nipe tu la kwanza, mengine yatakuja yenyewe. Jambo la kawaida, lilishatokea mara nne usiku ule. Nikageuza karatasi, nikashusha tochi, nikanong'ona mstari wa juu kabisa:

"Funikeni uso wake."

Akanitazama. Kope hazikupepesa. Nikadhani hajasikia, nikarudia kwa nguvu kidogo, "Funikeni uso wake," na hapo ndo nikaona kona ya juu ya karatasi, namba 33.

Hapa nataka mnielewe ilikuwaje maana nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko kitu chochote cha ujana wangu. Tochi ilikuwa inatetemeka na ule mduara wa mwanga ukawa unacheza juu ya 33. Nikaipapasa ile karatasi, ilikuwa nene. Nene kuliko karatasi moja. Nikaweka ukucha katikati, kukawa na kitu kama ngozi kavu, hakiachii. Na muda wote ule mbele yangu pale, hatua labda sita, mtu kasimama kwenye taa na hasemi kitu. Na ukumbi mzima hausemi kitu. Nilimsikia mtu wa safu za nyuma anakohoa, akakimeza kikohozi katikati. Jasho la Mfalme lilikuwa limechimba mfereji kwenye poda aliyopakwa, toka kwenye paji la uso hadi kidevuni, nauona mpaka leo. Sikumpa tena neno. Nilijua nikisema tena nitasema lile lile.

Akaangalia kile kipande mkononi. Mkono mwingine ukaenda shingoni, ukavuta ile kamba, ukatoa kipande chake. Akavisogeza. Vilikuwa vya bati tu, tulivikata wenyewe, kingo hazikulingana hata kidogo. Vikagusana vikalia *tli*. Kakitu kadogo. Na kwa ukimya uliokuwepo ilisikika ukumbi mzima.

Mwanamke mmoja, sijui mama wa nani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kama anaongea na jirani yake, "Jamani. Si mwanawe huyo."

Ndo Mfalme akasema, kwa sauti ya chini ambayo mazoezini hatukuwahi kuisikia, "Funikeni uso wake."

Watu walilia. Sio wachache. Mlinzi alilia, naye alikuwa jukwaani. Pazia likashuka, safari hii halikukwama.

Nyuma ya jukwaa mwalimu alikuja kama upepo. Alikuwa hatazami mtu mwingine, alimfuata Mfalme moja kwa moja akamwambia, "Umeumeza ukurasa wangu. Ukurasa mzima!" Alikuwa na machozi na sikujua ni ya hasira au ya igizo. Akasema utambuzi ndo moyo, bila utambuzi ni mtu na maiti tu. Mfalme bado kavaa taji la karatasi, akajibu, "Nilisahau, mwalimu. Samahani." Mi nilikuwa nimesimama hapo pembeni nimeikumbatia ile nakala kifuani. Mdomo ulifunguka, nawaapia. Ulifunguka, nikasema, "Nikazime taa?"

Nikaenda kuzima taa. Baadaye chooni nikaibandua ile nta kwa ukucha, ikatoka vipande vipande, ukurasa wa 32 ukafunguka vizuri kabisa, msafi, una doa dogo tu la mafuta juu ya neno "mwanangu". Nikarudisha nakala kabatini.

Mfalme alitaniwa mwaka mzima. Mfalme Bubu. Igizo lililofuata mwalimu hakumpa sehemu kubwa, alimpa mlinzi. Wala hakulalamika.

Miaka mingi baadaye, nishakuwa mtu mzima, nikasoma kwamba Aristotle aliorodhesha vitu sita vya tanzia: msuko wa matukio, wahusika, lugha, fikra, muziki, na kile kinachoonekana jukwaani. Msuko akauita roho ya tanzia, na kinachoonekana akakiweka nje nje huko, kwamba ni kazi ya fundi zaidi kuliko ya mshairi, kwamba tanzia ina nguvu yake hata usipoiigiza. Nilipoisoma ile nilicheka peke yangu. Nikasema huyu mzee hakuwahi kusikia vipande viwili vya bati vikigusana. Halafu baada ya siku kadhaa nikaona nimemwonea, maana yule mama angejuaje kuwa ni mwanawe kama onyesho la kwanza halikuwepo? Bati lile lingelia mbele ya mtu aliyechelewa kufika asingeelewa kitu. Kwa hiyo ni msuko. Lakini pia sio msuko, maana utambuzi wa kwenye msuko niliuruka mimi, na utambuzi ukatokea hata hivyo, ila ulitokea kule chini kwenye viti. Na hadhira hata haimo kwenye vile sita. Siku nyingine nafikiri mwalimu alikuwa sahihi, zile mistari thelathini zingekuwa bora zaidi. Zilikuwa nzuri kweli. Nazikumbuka kuliko yeye alivyozikumbuka labda.

Na hata lile la vipande sina uhakika nalo. Tulishawahi kukutana na Mfalme kwenye harusi ya mwenzetu, watu wakamkumbusha, akacheka akasema mikono ilikuwa inatetemeka tu, alikuwa anatafuta pa kuishika. Mi nilikuwa meza hiyo hiyo. Nikaomba nipitishiwe maji.

Sasa juzi mtoto kasimama na kalamu, "Mama, kipi muhimu zaidi?" Nikamwambia niachie daftari, nitafikiria. Alipoenda nikachukua simu nikamwandikia Mfalme, nikafuta, nikaandika tena, mwisho nikatuma hivi tu: "Ule ukurasa wa 32 niliuruka mimi. Ulishikana na nta. Hukusahau."

Alijibu asubuhi, na kile kiemoji cha kukuna kidevu:

"Ukurasa upi?"

Sijamjibu. Daftari bado liko hapa mezani, swali la nne wazi, na linatakiwa kesho.