Wavivu wawili

Jamani, bado linaniuma. Wiki hii mahari ya mdogo wangu imepokelewa, mitihani ya mwaka wa kwanza nimemaliza kusahihisha, maji yamerudi Nkuhungu, na mimi kichwani nina sentensi moja tu ya baba mdogo.

Mnamjua baba mdogo wa Mpwapwa, yule wa stori ya mbuzi na trafiki. Kaja mjini kliniki ya macho, jioni kanikuta sebuleni na laptop, protini inazunguka kwenye skrini, akauliza hayo madude nini. Nikajieleza vizuri tu: baba, hii protini ina kashimo, hiki kipande cha molekuli kinakaa huku, hiki kingine pale pembeni, vyote vinashika kidogo sana, kazi yangu ni kuviunga viwe kimoja kinachoshika kweli, huko mbele ije iwe dawa.

"Kimoja kimoja havishiki?"

"Vinashika kwa mbali, baba."

"Sasa mwanangu, ukiwafunga wavivu wawili kamba moja si unapata mvivu mrefu?"

Sebule nzima hoi. Mama kacheka mpaka kashika ukuta. Mume wangu ndo usiseme, mpaka leo ananiita mama wavivu.

Na jibu nilikuwa nalo! Limekuja saa nane usiku, kama kawaida yangu. Kwamba kila kipande kikija peke yake lazima kipoteze uhuru wa kuzungukazunguka ndo kitulie, na hiyo gharama kila mmoja analipa ya kwake, ila ukishawaunga inalipwa mara moja, wa kwanza akinasa tu mwenzie yuko mlangoni. Nishati zinajumlishwa, kwa hiyo uwezo wa kushika unazidishwa. Ningempa na mfano wa wale wa Abbott, kampuni ya dawa ya Marekani, 1996, na protini yao FKBP: kipande kimoja mikromola 2, kingine mikromola 100 (namba ikishuka ndo kinashika zaidi), wakaviunga wakapata nanomola 19 (nanomola elfu moja ndo mikromola moja), kama mara 100 kuliko yule aliyekuwa na nafuu. Hata venetoclax, ya saratani ya damu, iliyoruhusiwa kule 2016, ukoo wake umeanzia kwenye kuunga vipande namna hiihii. Wavivu gani hao?

Basi Alhamisi nimemsindikiza stendi. Kashakaa kwenye gari, kafungua kioo, nikajua anataka kuagiza salamu.

"Hicho unachoungia, kikiwa kirefu sana si watalegea? Na kikiwa kifupi si watavutana, asikae vizuri hata mmoja?"

Gari hilo likaondoka.

Nyie! Hapo ndo penyewe. Wale wavivu wa FKBP kwa kuzidisha tu wangefika nanomola 0.2, kiunganishi kimekula yote iliyobaki. Na mimi mwezi mzima ndo nahangaika hapo, naongeza kaboni, kinapepea, napunguza, kinamtoa mwenzie shimoni. Semina nzima idarani hakuna aliyeuliza hilo, wao bajeti tu. Mtu kalima na maksai maisha yake yote kaniuliza swali la mtihani dirishani. Nimecheka peke yangu kwenye bodaboda mpaka kaka wa watu akageuka.

Nitampigia Jumapili nimweleze vizuri, maana atataka kujua imeishaje.

Ila mwenye nyumba kanipigia mchana sijapokea. Mkataba unaisha mwezi wa sita na jirani anasema kuna watu walikuja kupima kiwanja.