Nilivyolipua ghala la Isike bila chembe ya baruti

Nilipotangaza kwamba nataka kuiweka jukwaani siku ya mwisho ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, hapa Tabora, kila aliyenipa ushauri alianzia kwenye mlipuko, na karibu wote walisema fataki. Sababu yao naielewa. Aliyekulia Tabora anaijua habari yenyewe: Wajerumani walilishambulia boma la Isike mwaka 1892 wakarudishwa, wakaja tena Januari 1893 chini ya Tom von Prince, na mtemi alipoona ukuta umevunjwa akaingia kwenye ghala la baruti akaliwasha kwa mkono wake. Hadhira inausubiri mlipuko huo tangu inapokaa. Usipowasikilizisha ule mshindo, umewadhulumu watu jioni yao.

Fataki tulizijaribu mazoezini mara moja, ikatosha. Kwanza mlio wake ni mwembamba, wa juu, kama mfuko wa karatasi uliopasuliwa. Ghala la baruti halilii hivyo, linanguruma. Pili, moshi haufuati maelekezo ya mwongozaji. Julai na Agosti upepo wa kusini mashariki unavuma Tabora mchana kutwa, nao uliuchukua moshi wote ukaushusha kwenye safu ya mbele, watoto wakaanza kukohoa na kuhama. Watoto wakishahama, kimya hakirudi tena, na maneno ya mwisho ya mke wa mtemi yalipotelea humo humo. Halafu kuna kibali cha kulipua kitu penye mkusanyiko, jambo ambalo washauri wangu hawakulitaja kabisa.

Akatokea mwingine akasema basi turushe unga wa muhogo mbele ya kibatari, utaonekana kama moshi. Ushauri huo ulinikasirisha na bado unanikasirisha, kwa sababu najua umeshatolewa kwingine. Unga mkavu ukitanda hewani karibu na moto unawaka wote kwa mpigo mmoja, chembe kwa chembe, kabla hujafumba jicho. Mwigizaji amesimama katikati yake, amevaa nguo ya pamba. Usifanye, hata kwa kiasi cha kikombe.

Kabla sijafika kwenye njia iliyofaulu, niseme kwamba mlipuko hautengenezwi kwenye onyesho la mwisho. Unaanza kwenye mswada.

Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na kurasa 62 za mwandiko wa mkono. Soma mazungumzo yako kwa sauti huku saa iko mkononi: ukurasa mmoja wa A4 unakula dakika moja na nusu, ukiwa na vituo dakika mbili. Kurasa 62 ni saa moja na nusu au zaidi, na mtu aliyekaa kwenye benchi la shule anastahimili dakika 50, akijitahidi sana saa moja. Nilipunguza hadi kurasa 31. Mwalimu mmoja alinisihi niingize Mirambo, Livingstone na tembe la Kwihara, na Stanley akipita na msafara wake. Yote ni ya kweli na yametokea jirani kabisa, lakini hakuna hata moja linalomsaidia mtu aliyezingirwa ndani ya ukuta. Nikaanzia boma likiwa limeshazingirwa. Nikafuta kila sentensi ambayo mtu anamweleza mwenzake jambo wanalolijua wote wawili. Ukiona “kama unavyofahamu, sisi watu wa Unyanyembe”, hapo anayezungumza ni kitabu cha historia.

Maneno ya faraghani ya mtemi sikuyaandika kabla ya kwenda kwa wazee. Walitaka kujua kitu kimoja: je, nitadai kwamba Isike alisema hivyo kweli? Niliwajibu kwa mfano wa Ebrahim Hussein, ambaye alipochapisha Kinjeketile mwaka 1969 alieleza kwamba mtu wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, si yule yule wa historia. Walikubali, nami nikaliweka jambo hilo kwenye tangazo la mwanzo. Wakanisahihisha pia kosa ambalo lingenivunjia heshima mbele ya mji mzima. Onyesho la jioni nilikuwa nimelifungua kwa “mwangaluka”, salamu ya asubuhi. Mzee mmoja akanitazama: “Mjukuu wangu, jua likizama watu bado wanaamka?” Nikaweka “mwadila”, ya jioni. Andiko likapelekwa kwa afisa utamaduni, mambo ya kibali yakaenda yalivyokwenda, na mwanzoni mwa Juni tukaanza mazoezi, siku 3 kwa wiki, saa 10 hadi saa 12 jioni. Usipange mazoezi mapema zaidi ya Juni kama waigizaji wako wanatoka kwenye familia za tumbaku. Kazi ya kuvuna na kukausha ikiwashika, huwaoni.

Sasa sikio. Mimi mapenzi ya tamthilia yaliniingia kwa sikio. Shuleni tulikuwa na ngonjera, halafu siku moja nikakutana na Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, yule aliyesoma Tabora kuanzia 1937 na baadaye akafundisha St. Mary's hapa hapa mjini. Kilichonishangaza ni kwamba mistari haikuwa na vina, na bado ulimi ulikuwa unataka kuisema. Hadi leo tatizo la kwanza ninalokutana nalo kwa waigizaji wapya ni wimbo wa ngonjera: sauti inapanda katikati ya mstari na kushuka mwishoni, mstari baada ya mstari, mpaka maana inalala usingizi. Kumwambia mtu “usiimbe” hakusaidii. Mpe kazi. Nilimwambia mke wa mtemi aseme mistari yake huku anatwanga mahindi ya kweli kwenye kinu cha kweli. Pumzi ya mchi haikubaliani na wimbo wa ngonjera, kwa hiyo wimbo unavunjika wenyewe. Baada ya wiki mbili unaondoa kinu, sauti ya mtu inabaki.

Zoezi la pili ndilo ninaloliamini kuliko yote. Nasimama mita 20 kutoka kwa waigizaji, nyuma ya shina la mwembe, nimewapa mgongo na sina mswada, naandika ninachosikia. Siku ya kwanza niliandika kwamba Isike amewaambia Wajerumani, “Tutatoa pembe.” Mswada unasema, “Hatutatoa pembe.” Mtemi aliyekufa kwa kukataa, amekubali, kwa sababu silabi moja imemezwa! Kiswahili mara nyingi kinaweka ukanushi mwanzoni kabisa, na mwigizaji anayeanza kusema kabla ya kuvuta pumzi anaila silabi ya kwanza. Mwishoni nako kuna shimo: mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ya mwisho inalegea, na nje, penye upepo, haifiki. “Amepiga” na “amepigwa” vinatofautiana hapo hapo mwishoni, mahali ambapo pumzi imeshakwisha. Dawa yake: mdomo umefungwa, vuta pumzi kwa pua ukihesabu mbili, ndipo useme, na mguu usinyanyuke mpaka silabi ya mwisho imetoka. Waigizaji wengi wanaanza kutembea wakiwa bado na neno mdomoni, na neno linaondoka nao.

Nilishauriwa pia niweke maikrofoni. Ukizisimamisha mbili jukwaani, watu 11 wanajipanga mbele yake kama wanasubiri dawa, na anayempokonya mwenzake anagonga kichwa cha maikrofoni kila mara. Badala yake nilitafuta ukuta. Waigizaji wanaupa mgongo ukuta wa jengo, hadhira inakaa nusu duara, kiti cha mbali zaidi kiko kama mita 12. Ukuta unarudisha sauti mbele. Jenereta ya akiba iwe upande ule upepo unakoelekea, nyuma ya jengo lingine, mita 40 hivi. Ikiwa karibu zaidi hakuna koo la kushindana nayo.

Maleba yalinipa raha. Kaniki bado inauzwa dukani, na hiyo ndiyo nguo ya enzi za misafara. Merikani nyeupe niliichakaza kwa majani ya chai, robo kilo kwenye ndoo ya lita 20 ya maji yaliyochemka, saa moja, kisha ikakamuliwa vibaya makusudi na kuanikwa kivulini ili madoa yakae bila mpangilio. Magobori ni mipini ya majembe iliyopakwa masizi, kwa sababu bunduki bandia inayofanana sana na ya kweli inakuletea maswali njiani. Pembe za ndovu tulizifinyanga kwa magazeti na gundi ya uji wa ngano juu ya fito zilizopindwa, tabaka 5, siku 3 za kukauka, na kusugua mshumaa juu ili zing'ae. Zilipendeza sana, ila wapagazi walizibeba kama mikeka. Mwili haudanganyi, bega lisiposhuka mtazamaji anajua. Nikatia soksi yenye kilo 8 za mchanga upande wa shina la kila pembe. Tangu siku hiyo sikumfundisha mpagazi yeyote jinsi ya kutembea.

Haya, ghala.

Nilipokuwa mdogo niliwatazama wayeye wakicheza na nyoka, na jambo moja lilinikaa. Nyoka hatolewi mapema. Linawekwa sanduku. Ngoma inapigwa, sanduku limefungwa. Watu wanarudi nyuma hatua moja, na bado hakuna aliyeona kitu. Woga wote unajengwa na sanduku. Kwa hiyo ghala langu halikuwa na pipa la baruti wala alama yoyote, lilikuwa pazia la kaniki lililotundikwa kwenye waya, limekaa pale tangu mwanzo, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuligusa mpaka tukio la mwisho. Hata mtoto wa mtemi akilikaribia, anavutwa mkono.

Mshindo wenyewe ni bati. Liwe bati bapa. Lile la migongo limekazwa na mikunjo yake, linakwaruza tu. Nililipata kwa fundi wa masanduku, geji 28 (geji ni kipimo cha unene, namba ikipanda bati linakuwa jembamba), futi 3 kwa 6, kwa elfu ishirini na kitu. Geji 30 inachakarisha tu, haina kifua. Geji 24 inataka wanaume wawili. Juu nililibana kati ya mbao mbili kwa boliti 4, likaning'inizwa kwa kamba mahali ambapo haligusi kitu, na chini likafungwa mshikio wa mti. Halipigwi. Linatikiswa: mtikisiko mmoja wa ghafla wa kiwiko, kisha mawimbi mapana yanayopungua. Pamoja nalo, ngoma kubwa moja, pigo moja tu.

Lakini bati peke yake ni radi ya mvua. Linageuka mlipuko kwa vile vitu vilivyotangulia. Kwenye tukio lote la mwisho kuna ngoma ndogo inayopigwa chinichini, pigo moja kwa sekunde, mpaka watu wanasahau kwamba ipo. Isike anashika kinga cha moto, ambacho ni tochi ndogo iliyofungwa karatasi nyekundu. Analifunua pazia kwa mara ya kwanza, anaingia. Ngoma ndogo inakata. Hesabu nne. Hapo ndipo hadhira inagundua kwamba kulikuwa na ngoma. Taa zote zinazimwa kwa swichi moja, giza totoro, na nusu sekunde baadaye bati na ngoma kubwa kwa pamoja. Taa lazima zitangulie. Tulipojaribu mshindo kwanza, watu waligeuka kumtafuta mtikisa bati. Jicho likishanyang'anywa kazi, sikio linapokea yote. Tumia taa za LED, zinakatika mara moja. Za halojeni zinabaki na wekundu kidogo, na wekundu huo unaharibu.

Giza sekunde 3. Kisha taa moja tu, iliyolazwa chini nyuma ya pazia, inawashwa. Pazia linaanguka. Na juu, kwenye kanga iliyofungwa kama machela, kuna ndoo ndogo ya majivu yaliyochekechwa mara mbili, ambayo msichana mmoja anaitikisa taratibu kwa kamba. Majivu yameshaungua, hayawezi kuwaka tena. Yakimulikwa kutoka nyuma yanaonekana moshi mzito unaoshuka, na yanaanguka pale pale unapotaka, ilimradi upepo umelala. Ndiyo maana tulianza saa 12 na nusu jioni, ili ghala lilipuke kwenye saa 1 na nusu, giza limeingia na upepo umetulia. Isike amelala kifudifudi, macho kayafumba, kitambaa chenye maji kiko chini ya kifua chake. Mke wake anasema mistari yake 4 katikati ya majivu hayo, kwa sauti ya kawaida kabisa, na kila silabi ilifika hadi kiti cha mwisho. Nilikuwa nyuma ya mwembe, nimewapa mgongo, nikaisikia.

Tulipolichukua onyesho hadi Sikonge nililiweka bati juu ya keria ya basi kati ya magodoro mawili, limelala bapa. Likikunjika hata mara moja, ule mkunjo unabaki unagonga kila unapolitikisa, na hakuna fundi wa kuunyoosha. Kondakta alitaka kulikunja liingie kwenye buti. Nililipia nauli ya kiti.