Pumzi ya kupiga dabo

Hapa Lowell, Massachusetts, Waswahili tukikutana msibani au kwenye sherehe, sifa inayotoka haraka kuliko zote ni hii: "Fulani ana pumzi." Maana yake anapiga dabo. Anaingia kwenye nyumba ya kutunzia wazee saa tisa alasiri na kutoka saa moja asubuhi, zamu mbili zimeunganishwa, saa 16. Akifanya hivyo wiki nzima tunamshangilia kama kiungo aliyekimbia dakika zote 90. Mimi sifa hiyo siipendi tena.

Nyumbani pumzi tunaijua vizuri. Mtangazaji wa mpira akisema timu imekata pumzi kipindi cha pili, hasemi wachezaji hawana moyo. Moyo wanao, miguu ndiyo imegoma, labda kwa sababu walikimbia hovyo tangu filimbi ya kwanza. Mzee anayepalilia ekari yake naye ana pumzi: anaanza alfajiri, anakwenda mdogo mdogo, jua likipanda anakaa chini ya mti, na hakuna anayemwita mvivu. Kujikaza ni jambo jingine. Unajikaza ukichomwa sindano, unajikaza ukimzika mzazi. Ni kwa muda, kisha unaachia. Huku ughaibuni tumevichanganya hivi viwili, na mtu anayejikaza mwaka mzima tunasema ana pumzi.

Mbio za marathoni za Boston, zinazofanyika Jumatatu ya tatu ya Aprili, zimenifundisha mengi kuhusu hili. Kutoka Hopkinton, zinakoanzia, barabara inateremka, na mteremko unakuhadaa uende kasi. Vilima vya Newton vinakuja baada ya kilomita 25, mapaja yakiwa yameshapondwa. Cha mwisho, Heartbreak Hill, kina mwinuko wa mita 27 hivi tu, ila kinakukuta karibu na kilomita ya 33. Juma Ikangaa wetu, mkimbiaji wa Tanzania, alimaliza wa pili Boston mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ule mwaka wa kwanza Ibrahim Hussein wa Kenya alimpita kwa sekunde moja. Mwaka 1990 waliotangulia walitoka kwa kasi kubwa, na Gelindo Bordin wa Italia akatokea nyuma akawapita. Nani atasema Ikangaa hakuwa na pumzi? Novemba 1989 alishinda New York kwa saa 2:08:01. Hata mwanamume kama yule, Boston ilimdai kila hatua aliyoitumia mapema.

Sasa njoo wodini. Mzee asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda vya kulalia. Mnasimama wawili, huku na huku, mnashika shuka la kumgeuzia, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, moja, mbili, tatu. Saa nne usiku unafanya hivyo sawasawa, tena unamsemesha. Ikifika saa kumi alfajiri goti halikunjiki. Unainamia kiuno. Mashine ya kunyanyulia iko mwisho wa korido na unaiona iko mbali kama Hopkinton, mwenzako yuko chumba kingine, basi unasema nitamvuta mwenyewe. Migongo yetu inakwisha hapo. Na yule mzee je? Ngozi yake ni nyepesi mno, mkono uliochoka ukimshika vibaya inachubuka. Hilo linaniuma kuliko mgongo wangu, kwa sababu yeye hakuomba dabo.

Najua kwa nini tunapiga. Kodi ya nyumba, ada za wadogo, dawa za mama, na simu kutoka nyumbani haziangalii ratiba ya zamu. Simlaumu anayepiga. Ninachokataa ni makofi yetu, kwa sababu yanamfanya aone aibu kusema amechoka.

Mdogo wangu kutoka Babati anaanza kozi ya uuguzi saidizi hapa. Nimeshamwambia akianza kazi dabo iwe moja kwa wiki, kesho yake alale, na chakula cha zamu akile amekaa kitini, si amesimama penye kabati la shuka. Mashine aivute hata kama iko ghorofa nyingine. Wakimuuliza kwa nini hapigi kama wenzake, waje wazungumze na mimi.