Nilivyoiweza Dill Pickles Rag kwa neno "achari"

Mandolini yangu ni ya mtumba, nimeinunua hapa hapa Kansas City, jimbo la Missouri, Marekani: nyuzi nane, jozi nne, zinapandishwa sauti kama za fidla. Wimbo wa kwanza kuung'ang'ania ulikuwa Dill Pickles Rag, na kwa miezi miwili nikawa nakwama mwanzoni tu, pale noti zinapozunguka tatu tatu. Mguu unagonga huku, mkono uko kule.

Mimi niliuchukulia kuwa wimbo wa fidla wa milimani. Kumbe ulitungwa kwa piano mwaka 1906, na mtunzi wake, Charles L. Johnson, alikuwa mtu wa mji huu huu. Ragtime yenyewe, mtindo wa muziki wenye midundo inayokwepana ambao nyimbo zake huitwa rag, ilitoka kwa wapiga piano Weusi. Maple Leaf Rag ya Scott Joplin ilichapwa 1899 kule Sedalia, bado ni Missouri hii hii. Wapiga fidla na mandolini waliudaka baadaye. Kessinger Brothers, wanamuziki wa West Virginia, waliurekodi mwishoni mwa miaka ya 1920.

Basi nikaenda kuusikiliza kwenye piano. Mkono wa kushoto unatembea zake, haujali kitu. Wa kulia ndio wenye vituko: unazungusha noti tatu tatu juu ya hesabu ya nne nne. Hapo nikaliona kosa langu. Kila kundi la tatu nilikuwa nalianza kwa kushusha risha, kile kipande cha kupigia nyuzi: chini, juu, chini, halafu chini tena! Hizo chini mbili mfululizo ndizo zilizokuwa zikinichelewesha. Risha haitakiwi kukatika. Kundi la kwanza likianza chini, la pili linaanza juu, hata kama mkono unakataa.

Dill pickles ni achari ya matango. A-cha-ri, silabi tatu. Nikaiweka mandolini chini, nikawa nagonga mguu kila silabi ya nne huku nikitamka achari, achari, achari, achari. Achari ya nne ikiisha, mguu na neno vinakutana tena. Siku tatu hivyo, jikoni, kwenye basi kimoyomoyo. Nilipoishika tena mandolini, mkono ukafuata, polepole lakini sawasawa.

Mama alinipigia simu kutoka Unguja akanikuta katikati ya mazoezi.

"Mwanangu, achari, achari, una mimba?"

Nikamwambia ni muziki, mama. Hakuniamini. Mwezi uliofuata mgeni akaniletea chupa mbili za achari ya embe.